Kubana matumizi ya nyumba ili kulipa madeni: tulivyofanya sisi hapa Moshi, hatua kwa hatua

Tulikaa mezani mimi na mume wangu usiku mmoja wa mwezi wa 7, watoto wamelala, tukiwa na daftari la hesabu la mtoto wetu mkubwa ambalo kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Kwamba tunadaiwa nilijua. Nilichokuwa sijui ni kiasi gani. Kichwani nilikuwa natembea na "milioni moja hivi". Tulipomaliza kuandika ilikuwa 1,874,900, ukiacha mkopo wa benki ambao unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara wangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu ni fundi seremala, tumepanga Pasua na tuna watoto watatu. Naandika kwa familia zenye kipato kama hicho: mshahara mmoja unaojulikana tarehe yake, na kipato kingine kinachokuja kwa msimu. Bei ninazotaja ni za mwaka ule, kwa hiyo weka za kwako. Njia ndiyo nataka uichukue.

Na niseme mapema nilichokuja kukielewa, kwa sababu hatua zote zinasimama juu yake. Nyumba yetu haikuwa inaumia kwa kula sana. Ilikuwa inaumia kwa kununua kwa vipimo vidogo. Ukinunua unga kilo moja, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo na sukari robo, kila siku unalipia zaidi ya jirani aliyenunua gunia. Halafu pengo linalobaki unaliziba kwa mkopo, na mkopo wenyewe unalipwa kila wiki. Ukianza kubana kwa kuwapunguzia watoto chakula, utakuwa umeshika mahali pasipostahili kabisa.

Hatua ya 1: Andikeni madeni yote kwenye karatasi moja, wote wawili mkiwa mezani

Usiandike peke yako ukaja kumsomea mwenzako kama mashtaka. Kaeni pamoja, kila mmoja aseme ya kwake, na mkubaliane kabla hamjaanza kwamba usiku huo hakuna kuulizana "kwa nini". Maswali ya kwa nini yana siku yake.

Kila deni liwe na mambo manne: anayedai, kilichobaki, unalipa lini, na ukichelewa inakuwaje. Letu lilikuwa hivi: mkopo wa wiki wa kampuni moja ya mikopo, 422,500. Kikoba, 550,000. Wifi yangu, 300,000. Ada ya shule, 260,000. Mangi wa dukani, 87,400. Simu, ile huduma ya kukamilisha muamala salio likipungua, 45,000.

Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini. Mume wangu akakaa kimya kidogo, akanyoosha mkono akaichukua. "Mama, kuna jingine." Akaandika mwenyewe: mbao, 210,000. Alichukua mbao kwa mali kauli kwa ajili ya kitanda cha mteja, mteja akalipa nusu akapotea. Miezi mitano alikuwa anazunguka njia nyingine asipite mbele ya duka lile. Nilitaka kulia, nikakumbuka tulichokubaliana, nikaandika tarehe.

Naeleza hili kwa sababu karatasi yenye deni moja lililofichwa haina kazi. Utapanga vizuri, halafu mwezi wa pili lile lililofichwa litagonga mlango na kuvuruga kila kitu.

Wakati unaandika, piga hesabu ya riba kwa mkono wako. Ule mkopo wa wiki, ambao watu wanauita kausha damu, tuliuchukua mwezi wa 5 kulipa kodi ya nyumba ya miezi 6. Tulipewa 500,000, marejesho 32,500 kila wiki kwa wiki 20, jumla 650,000. Walituambia riba ni asilimia 30, na ukisikia hivyo unaona si mbaya sana. Lakini kila wiki unarudisha 25,000 ya fedha yao yenyewe, kwa hiyo ile laki tano hukai nayo. Ukitafuta wastani wa fedha iliyobaki mikononi mwako kwa wiki zote 20, ni 262,500. Riba ya 150,000 umeilipa juu ya hiyo. Zaidi ya nusu, ndani ya miezi isiyofika mitano.

Jua pia kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana za wateja. Omba kuona leseni, omba mkataba wako, usome. Ukionewa, lalamika kwanza kwa maandishi kwa mkopeshaji mwenyewe na ubaki na nakala. Asipokusikiliza, Benki Kuu wana dawati la malalamiko, na kwa sisi wa kaskazini wana tawi Arusha. Usimwachie mtu kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana, hata akikuapia kwa jina la mama yake.

Hatua ya 2: Andika kila shilingi inayotoka kwa siku 30

Mwezi huu usibane chochote. Andika tu. Ukianza kubana huku unaandika, utaandika maisha ambayo si yako.

Daftari letu lilining'inia kwa kamba jikoni, na peni imefungwa hapo hapo. Mtoto akitumwa nyanya za 500 anaandika. Bodaboda inaandikwa. Vocha inaandikwa. Makato ya kutoa pesa kwa wakala nayo yaandike peke yake, maana mimi nilikuwa natoa 20,000 mara tano badala ya kutoa 100,000 mara moja, na kila mara nakatwa.

Mwisho wa mwezi chakula na mkaa vilikuwa 388,000. Humo ndani mandazi ya chai peke yake yalikuwa karibu 54,000, mkaa wa kopo 45,000, unga wa dukani 54,000. Nyama ilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na nyama, nikakuta haina kosa.

Hatua ya 3: Funga mlango wa madeni mapya

Hii fanya wiki hiyo hiyo, isisubiri.

Kwa Mangi nilikwenda mwenyewe asubuhi kabla wateja hawajajaa. Nikamwambia, "Mangi, daftari langu lifunge. Kuanzia leo nanunua taslimu, na lile la zamani nitakuletea 20,000 kila baada ya wiki mbili." Hakukasirika. Alipiga mstari chini ya jina langu, akaandika tarehe. Usihamie duka la pili kwa aibu, kwa sababu utafungua daftari la pili.

Ile huduma ya simu, ilipe kwanza maana ni ndogo, halafu usiiguse tena. Ubaya wake ni kwamba fedha yoyote ikiingia inakatwa kabla hujaiona, na wewe ulikuwa umeipangia kazi, kwa hiyo unaikopa tena jioni ile ile.

Na usichukue huku kulipa kule. Najua namna linavyovutia: kikoba cha Jumamosi kilipe marejesho ya Jumatatu, kikoba cha Jumatano kirudishe cha Jumamosi. Nina rafiki aliyekuwa kwenye vikoba vinne. Alikuwa anatembea mji mzima na madaftari ya watu, na hakuna hata shilingi moja iliyokuwa inalala kwake.

Kitu kimoja tu ningekiruhusu: kama wewe au mwenzako ni mwanachama wa SACCOS inayokokotoa riba kwa salio linalopungua, kaeni na karani mpige hesabu ya kuunganisha deni lile kali kuwa mkopo mmoja. Muulize jumla utakayorudisha hadi mwisho, asikutajie asilimia peke yake. Ikiwa ndogo kwa kweli, na ule mkopo wa zamani unalipwa siku hiyo hiyo bila fedha kupitia mikononi mwenu, chukueni. Mkoa huu umeishi na ushirika kwa vizazi, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ni cha mwaka 1933, na bado naona watu wanaikimbilia mikopo ya wiki wakati kadi ya uanachama iko kabatini.

Hatua ya 4: Tafuta mtaji wa jikoni

Hapa ndipo watu wengi watanipinga, lakini hapa ndipo sisi tulipoponea.

Fedha ya kwanza utakayoipata usiipeleke kwenye deni. Ipeleke jikoni. Wewe unanunua kwa kopo kwa sababu huna fedha ya gunia, na bila kuikata hiyo kamba utabaki pale pale. Sisi tuliuza kabati la vyombo. Mume wangu alilitengeneza mwenyewe kwa mkaratusi, lina vioo, lilikaa sebuleni miaka sita. Liliondoka kwa 160,000 juu ya mkokoteni, na alama nne za miguu yake zikabaki sakafuni. Uza kitu chako kisichofanya kazi: redio kubwa, baiskeli iliyoegeshwa, nguo za watoto waliokua. Usiuze cherehani, randa wala chombo chochote kinachowaletea kipato.

Ile 160,000 tuliigawa hivi. Gunia la mahindi la kilo 100, soko la Mbuyuni, 70,000. Kusaga lote, kidogo kidogo kwa mwezi mzima na zaidi, 8,000. Gunia la mkaa, 50,000. Dumu la mafuta la lita 5, 28,000. Zilibaki 4,000.

Sasa tazama. Dukani unga tulikuwa tunanunua kilo kwa 1,800, na tunakula kama kilo 30 kwa mwezi, ndiyo ile 54,000. Mahindi yetu pamoja na kusaga yalitugharimu 780 kwa kilo, maana tunasaga dona na hakuna kinachotupwa. Kilo 30 ni 23,400. Kila mwezi 30,600 inabaki mfukoni kwenye unga peke yake. Watoto walilalamika dona siku mbili tatu. Ugali upikwe uive, utakuwa mtamu.

Kununua mahindi kuna msimu. Kwetu mahindi ya masika yanavunwa kuanzia mwezi wa 7 na wa 8, na hapo ndipo bei inashuka. Ikifika Januari imepanda, na ndiyo wakati wa ada. Ukinunua, hakikisha ni makavu: chukua punje chache uzing'ate, zikatike kwa mlio. Yenye unyevu yanaota ukungu, na mahindi yenye ukungu ni sumu, usiwape watoto wala kuku. Yaanike tena siku mbili kwenye turubai, kisha weka kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa, uikamue na kuifunga kila tabaka peke yake. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hafi kwa maombi. Gunia la kwanza tuliliweka kwenye mfuko wa kawaida, tukapoteza kama debe moja.

Maharage loweka usiku. Yakilowekwa yanaiva haraka, mkaa unaotumika unapungua sana, na maji ya kulowekea mwagia mboga. Uji wa asubuhi ukachukua nafasi ya mandazi kwa siku tano. Jumamosi na Jumapili napika mwenyewe chapati au mandazi. Nyuma ya nyumba tuliweka magunia manne ya udongo na samadi, tukapanda mnafu, sukuma wiki na chainizi. Mnafu ukishakubali hauna usumbufu, unachuma na unachipua. Ndizi tunapata kihambani kwa wakwe Kibosho, lakini siku hizi hatupandi mlimani kwa ajili ya ndizi peke yake. Tunapanda siku ambayo tungekwenda tu kuwasalimia, na tunapeleka sukari na sabuni. Nauli ya watu watano kufuata mkungu mmoja haina faida.

Hadi mwezi wa 9 chakula na mkaa vilikuwa karibu 260,000 badala ya 388,000. Nyama bado ipo Jumapili. Maziwa ya mtoto mdogo hatukuyagusa.

Umeme niupite haraka. Kwa walio kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi. Kundi la kawaida la majumbani ni 292. Tofauti ni karibu mara tatu, kwa hiyo angalia risiti yako ya LUKU umewekwa wapi na unatumia uniti ngapi. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 linakula uniti nzima kwa nusu saa. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya mlimani inaposhuka, maji ya kuoga ya nyumba nzima kwa jagi yanaweza kukuvusha uniti 75 usijue. Weka sufuria juu ya mkaa unaobaki baada ya kupika. Kama mna mita moja wapangaji watatu, kubalianeni kwa maandishi nani analipa nini, kabla ya ugomvi.

Hatua ya 5: Gusa vile vikubwa ambavyo vina aibu ndani yake

Kwa watu wa Moshi vikubwa ni viwili: shule na michango.

Mtoto wetu wa pili alikuwa shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, darasa la pili. Mimi mwenyewe nafundisha shule ya serikali, na bado nilikuwa nalipia mtoto kwingine, kwa sababu majirani wote wanafanya hivyo na basi la njano linapita getini. Shule za msingi za serikali hazina ada, ingawa sare, madaftari na chakula utalipia. Tulimhamisha Januari. Mkubwa, aliyekuwa darasa la sita wakati huo, hatukumhamisha kutoka shule aliyokuwepo. Ushauri wangu: mtoto wa madarasa ya chini anazoea lugha ndani ya muhula mmoja, lakini wa darasa la sita au la saba anakaribia mtihani wa taifa, na kumbadilishia lugha ya masomo hapo ni kumuumiza. Bana kwingine. Na kabla ya kuhamisha, mwambieni mtoto mwenyewe, kwa upole, kwamba hajakosa chochote. Wetu aliuliza kama atabaki na begi lake. Alibaki nalo.

Ada ya nyuma, nenda kwa mhasibu wa shule kabla hawajamrudisha mtoto nyumbani. Peleka barua yenye tarehe na kiasi cha kila mwezi. Shule nyingi zinampokea mzazi anayekuja na ratiba.

Michango sasa. Kipaimara, komunio, sendofu, harusi, na Desemba watu wote wanapanda mlimani na kila ukoo una kikao. Tulihesabu mwaka mmoja nyuma kwenye ujumbe wa simu, tukakuta tumetoa michango inayozidi deni la wifi. Nimekopa mimi, kwa riba, ili nichangie keki ya mtu. Kukopa harusi, kulipa matanga, wazee waliona mbali.

Tulichofanya: tuliamua kiasi kwa mwezi, 15,000, kinatoka kwenye bahasha moja, ikiisha imeisha. Msiba una haki ya kwanza, na msiba wa karibu tunakwenda kwa miguu yetu, tunachota maji, tunapika, tunakesha. Kwa sherehe najibu mapema, ndani ya siku mbili, kwa maneno haya: "Hongereni sana shemeji. Mwaka huu tuna jambo la nyumba tunalimalizia, mchango wetu ni 10,000 na tumeshautuma. Siku ya shughuli nitakuja kusaidia jikoni." Usiahidi 50,000 kwa aibu halafu uanze kukimbia simu. Watu wanaumizwa zaidi na ahadi isiyotimizwa kuliko mchango mdogo uliofika. Wapo walionuna. Mmoja hajanialika tena, na nimekubali.

Sadaka na wazazi hatukuviondoa. Tulivipangia kiasi, tukawaambia wazazi ukweli. Baba mkwe alinishangaza, alituma parachichi debe zima na kusema nisilete kitu hadi nimalize.

Hatua ya 6: Nenda kwa wanaokudai kabla hawajakujia

Mara moja nilichelewesha marejesho wiki mbili. Jumanne saa moja asubuhi wakaja watu watatu wa ile kampuni, wakakaa kwenye makochi yangu. Hawakutukana. Walikaa tu, na kila mtoto aliyetoka chumbani akiwa na sare yake akawaamkia, "Shikamooni," akapita. Nilifika shuleni nimechelewa na sikuweza kushika chaki. Baada ya hapo sikungoja tena kufuatwa.

Ukiona wiki hii haitoshi, nenda ofisini kwao siku moja kabla, na usiende mikono mitupu. Hata 15,000. Omba risiti yenye mhuri na kiasi kilichobaki. Uliza swali hili: "Nikimaliza lote leo, nalipa kiasi gani?" Kwenye baadhi ya mikopo ukilipa mapema riba inapungua, kwenye mingine riba imeshajumlishwa tangu siku ya kwanza na kukimbilia kumaliza hakukupunguzii kitu. Jibu hilo ndilo litakuambia upeleke wapi fedha ya ziada.

Mwenye mbao mume wangu alimwendea Jumapili baada ya ibada. Akakubaliwa kulipa nusu kwa fedha na nusu kwa kazi, akamtengenezea milango miwili. Fundi mwenye deni afikirie hilo.

Wifi nilimpigia mimi mwenyewe, sikumwachia kaka yake. Deni la ndugu halina riba lakini linaharibu meza ya Krismasi. Nilimwambia zamu yake ni ya mwisho, na kwa nini, na mwezi gani. Alisema, "Ningejua mapema nisingewasema." Basi, kumbe alikuwa anatusema.

Hatua ya 7: Panga foleni, na gawa fedha siku inapoingia

Pangilia bajeti kwa mwezi mbaya kuliko yote. Mshahara wangu mkononi ni 640,000. Mume wangu mwezi wake mbaya aliingiza 240,000. Tukapanga na 880,000, na mwezi mzuri ziada yote ikaenda kwenye deni siku hiyo hiyo.

Matumizi tuliyakomea 640,000: kodi 100,000, chakula na mkaa 260,000, umeme na maji 35,000, nauli 70,000, shule 90,000, sadaka 20,000, wazazi na michango 30,000, simu 15,000, dharura 20,000. Ile ya kodi usiiache ikae hewani. Mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa pamoja, na kodi ndiyo iliyotuingiza kwenye kausha damu. Tuliiweka akaunti ya pekee isiyo na kadi. Dharura nayo ilinde, kwa sababu mtoto ataugua, na bila 20,000 hiyo utarudi kwa mkopeshaji.

Zikabaki 240,000 za madeni. Mkopo wa wiki ulichukua 130,000 hadi 162,500 kutegemea mwezi una Jumatatu ngapi. Zilizobaki: simu kwanza, Mangi akafuata, kisha mbao, kisha ada. Kikoba kilipovunjwa Desemba hisa zangu zilikatwa kwenye deni, na kipande kilichobaki nikakilipa kwa fedha. Wifi wa mwisho. Wengine watakuambia anza na deni kubwa. Mimi nasema anza na lile linaloongezeka au linalokuja mlangoni kila wiki, na pembeni yake maliza moja dogo, ili kuwe na jina la kulifuta kwenye karatasi mapema. Kulifuta jina la Mangi kulinipa nguvu ambayo siwezi kuieleza kwa namba.

Siku mshahara ukiingia, gawa kabla hujapita sokoni. Mimi natoa mara moja, nagawa kwenye bahasha za kaki zilizoandikwa majina, na ya madeni nailipa siku hiyo kabla ya jua kuzama. Mume wangu, kwa kuwa hapati kwa tarehe, tulikubaliana kila akilipwa na mteja theluthi moja inakwenda kwenye bahasha ya deni, iwe 9,000 au 90,000.

Hatua ya 8: Deni likiisha, fedha yake isirudi jikoni

Marejesho ya mwisho ya kausha damu tulilipa Jumatatu ya mwisho wa mwezi wa 9. Omba barua ya kumaliza mkopo, na kama uliacha dhamana, hati au picha ya kitu, ichukue siku hiyo. Jumatatu iliyofuata mume wangu alitoka na 32,500 ile ile, saa ile ile, akaipeleka kwa mwenye mbao. Ilikuwa imeshazoea kutoka, hatukuihisi. Mbao ilipoisha ikahamia kwenye ada, kisha kikoba, na wifi alimaliziwa mwezi wa 3.

Wiki ya kwanza baada ya wifi, 32,500 ilitoka tena. Tulifungua ukurasa mpya kwenye daftari lile la jikoni, juu tukaandika "Kodi ya Mei", chini yake "Gunia la Agosti", na chini yake "Januari".